Umeng'arisha meno? Subiri wiki mbili kabla ya kuziba jino

Na Mwandishi Wetu

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyehimiza mno kusafisha kinywa, hata akaeleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angeamrisha mswaki kwa kila Swala.

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inazungumzia jambo linalowafanya watu wengi walipe mara mbili kwa kutolijua. Mtu anang'arisha meno yake leo, kesho yake anakwenda kuzibwa jino la mbele, na baada ya muda si mrefu kile kilichozibwa kinalegea, kinaingiza uchafu pembeni, au kinadondoka kabisa. Lawama zinakwenda kwa daktari, au dawa inaambiwa ni feki. Mara nyingi kosa halipo kwa daktari wala kwenye dawa. Kosa lipo kwenye tarehe.

Tuchukue mfano wa binti anayetarajia kufungishwa ndoa siku ya Ijumaa. Mwanzoni mwa wiki, pamoja na kupakwa hina na piko, anapelekwa kupakwa jeli ya kung'arisha meno. Meno yanatoka meupe na kila mtu nyumbani anafurahi. Lakini lipo jino moja la mbele lililozibwa miaka kadhaa nyuma, ambalo zamani halikuonekana kwa kuwa rangi yake ililingana na ya jirani zake. Sasa meno mengine yamekuwa meupe na lile limebaki njano peke yake. Siku ya Alhamisi binti anakimbilia kwa daktari wa meno: "Dokta, naomba unibadilishie hili, kesho ni ndoa yangu." Hasemi kwamba siku tatu nyuma alipakwa jeli. Daktari anaziba, picha za harusi zinatoka nzuri, na kabla fungate haijaisha kipande kinadondoka akiwa anang'ata muhogo wa kuchoma.

Mfano huu ni wa kuelezea tu, lakini tatizo lenyewe limechunguzwa na wataalamu wa meno tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sababu yake inafahamika.

JINO LILIVYOUMBWA

Kwa nje jino limefunikwa na gamba gumu liitwalo enameli. Gamba hili ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Kwa uzito, kama asilimia 96 yake ni madini. Chini yake kuna tabaka liitwalo dentini, ambalo kwa asili lina rangi ya manjano na lina vijitundu vyembamba sana vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa ndipo kilipo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Enameli inaonekana kama kigae kisichopitisha kitu, lakini sivyo. Ina nafasi ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na molekuli ndogo hupenya. Ndiyo maana chai, kahawa, tumbaku na tambuu huacha rangi ambayo baada ya miaka haitoki kwa mswaki. Na ndiyo maana dawa ya kung'arisha inaweza kuingia ndani.

DAWA YA KUNG'ARISHA INAFANYA NINI?

Karibu dawa zote za kung'arisha meno hutegemea kitu kimoja, nacho ni peroksaidi ya hidrojeni. Wakati mwingine huwekwa yenyewe, na wakati mwingine huja katika umbo la peroksaidi ya kabamaidi, ambayo ikikutana na mate huvunjika na kuitoa. Jeli ya peroksaidi ya kabamaidi ya asilimia 10, ambayo hutumika sana nyumbani usiku kwa kifaa chembamba kilichofinyangwa kwa umbo la meno ya mhusika, hutoa peroksaidi ya hidrojeni ya takriban asilimia 3.5. Zile zinazopakwa kliniki na daktari ni kali zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 40.

Peroksaidi ikishaingia kwenye jino huachia oksijeni yenye nguvu ya kuvunja vunja chembe za rangi. Chembe zikivunjika, jino linaonekana jeupe. Kazi hii inafanyika ndani ya enameli na dentini, si juu tu. Kwa hiyo ukisuuza kinywa na kuondoka, jeli imetoka lakini oksijeni imebaki imenaswa katika zile nafasi ndogo za jino. Hapa ndipo tatizo letu linapoanzia.

GUNDI YA JINO INASHIKAJE?

Ile dawa ya zamani ya kuziba yenye rangi ya fedha, amalgamu, haigandi kwenye jino kwa gundi. Daktari huchonga tundu kwa umbo ambalo dawa ikishakauka haiwezi kutoka, kama kigingi kilichokazwa kwenye shimo lake. Matumizi yake yanazidi kupungua. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona ni lazima.

Dawa inayochukua nafasi yake kwa wingi ni kompositi, ile yenye rangi ya jino. Hii inategemea gundi. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori kwa muda mfupi, uso wake hukwaruzika na kuwa na vishimo vidogo mno ambavyo utomvu wa plastiki huingia na kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen, naye wa Marekani, akatengeneza utomvu ambao mpaka leo ni msingi wa kompositi nyingi. Siku hizi daktari hupaka asidi ya asilimia 35 hadi 37, husuuza, hukausha, hupaka gundi, kisha humulika kwa taa ya mwanga wa buluu ili gundi igande.

Kuna mambo mawili yanayoifanya gundi hiyo ishike vizuri. Kwanza ni lazima izame ndani ya vile vishimo na kutengeneza mizizi. Pili ni lazima igande kikamilifu, yaani vile vipande vidogo vidogo vya utomvu vishikane mmoja baada ya mwingine mpaka viwe mnyororo mrefu na mgumu.

OKSIJENI NI ADUI WA GUNDI

Sasa tazama kinachotokea jino likizibwa siku moja au mbili baada ya kung'arishwa. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino hukutana na gundi palepale inapotaka kuganda, na huukata ule mnyororo kabla haujakamilika. Gundi iliyo juu huonekana imekauka, lakini ile inayogusana na jino inabaki nusu nusu. Wachunguzi walioangalia kwa hadubini waliona mizizi ya gundi ikiwa mifupi, michache na yenye mapovu. Nguvu ya kushika ikapungua kwa kiasi kikubwa.

Fundi wa rangi analijua jambo hili kwa namna yake. Ukuta uliopigwa lipu jana, ukiupaka rangi leo, siku hiyohiyo utapendeza. Lakini unyevu ungali ndani, na baada ya muda rangi inabanduka vipande vipande. Rangi haina kosa na fundi anaweza kuwa hodari. Ukuta tu haukuwa tayari.

Hatari yake ni zaidi ya kudondoka. Gundi isiposhika vizuri pembeni, huacha mwanya mwembamba ambao mate, sukari na vijidudu hupita. Jino linaanza kuoza chini ya dawa bila mwenyewe kujua, na siku linapouma huenda uozo umekwishafika kwenye kiini. Hapo kazi si tena kuziba tu, bali ni kutibu mzizi au kung'oa.

WIKI MBILI ZINATOKA WAPI?

Ile oksijeni haikai milele. Inatoka kidogo kidogo yenyewe, na mate, ambayo Mwenyezi Mungu ameyajaalia madini, huendelea kuuimarisha uso wa enameli. Tafiti zimetoa muda tofauti kulingana na ukali wa dawa na muda iliyotumika. Zipo zilizoona hali imerejea baada ya siku moja au wiki moja, na zipo zilizohitaji wiki tatu au zaidi. Ushauri ambao madaktari wengi wanaufuata ni kusubiri wiki mbili tangu siku ya mwisho ya kupaka dawa.

Kuna sababu ya pili ya kusubiri, nayo ni rangi. Mara tu baada ya kung'arishwa jino huonekana jeupe kupita lilivyo hasa, kwa sababu limekauka na lina oksijeni ndani. Katika siku zinazofuata rangi hurudi nyuma kidogo ndipo inatulia. Daktari akichagua rangi ya kompositi siku ya kwanza, baada ya wiki mbili lile jino lililozibwa litakuwa jeupe kuliko wenzake, na kazi itabidi irudiwe.

Wapo madaktari ambao mgonjwa akiwa na dharura hupaka kwanza kitu cha kuondoa oksijeni, kama vile chumvi ya vitamini C iitwayo sodiamu askobeti. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionesha kwamba husaidia kurejesha nguvu ya gundi. Hilo ni la daktari kuamua. Si la kujifanyia nyumbani kwa kusugua limau au kidonge cha vitamini C, kwani vyote viwili vina asidi inayolika enameli. Mwenye nafasi ya kusubiri, kusubiri ndiko kwa uhakika zaidi.

Hukumu hii haihusu kuziba tundu peke yake. Inahusu kila kinachobandikwa kwa gundi ya aina hiyo: vipande vya kurekebisha jino lililovunjika ncha, maganda membamba ya kufunika meno ya mbele, na vile vifungo vya waya za kunyoosha meno.

IKIWA JINO LIMETOBOKA SASA HIVI

Msomaji anaweza kusema, "Mimi nina tundu tayari, je, ning'arishe kwanza ndipo nizibe?" Hapana, usitie dawa ya kung'arisha kwenye jino lenye tundu wazi. Peroksaidi itapita moja kwa moja kuelekea kwenye kiini, na maumivu yake hayasahauliki. Utaratibu salama ni huu:

Kwanza, daktari akague kinywa chote, aondoe ukoga uliogandamana, na asafishe tundu.

Pili, tundu lizibwe kwa dawa ya muda.

Tatu, ndipo meno yang'arishwe.

Nne, usubiri wiki mbili.

Tano, ile dawa ya muda itolewe na jino lizibwe kwa kompositi yenye rangi iliyokwisha kutulia.

Kuhusu dawa ya muda, kuna moja yenye harufu tunayoifahamu sana watu wa pwani, harufu ya karafuu. Hiyo ina eujenoli, mafuta yanayopatikana katika karafuu, ambayo hutuliza jino vizuri. Lakini eujenoli nayo huzuia kompositi kuganda sawasawa. Kwa hiyo daktari anayejua kwamba kompositi itafuata, mara nyingi huchagua dawa ya muda ya aina nyingine. Na wewe uliyekuwa ukitia mafuta ya karafuu nyumbani ili kupunguza maumivu, mwambie daktari.

SEMA UKWELI MBELE YA DAKTARI

Daktari hawezi kuiona oksijeni iliyomo ndani ya jino. Akitazama, ataona meno meupe masafi tu. Anategemea maneno yako. Wapo wanaoona haya kusema walikwenda saluni, au walinunua jeli mtaani, kwa kuhofia kufokewa. Ndugu yangu, mwili ni amana, na kumficha tabibu jambo linalohusu tiba yake ni kujidhuru mwenyewe. Mtajie mambo manne: ulitumia dawa gani, ya asilimia ngapi kama unajua, kwa siku ngapi, na siku ya mwisho ilikuwa lini. Ukiweza, beba na boksi lake.

Na daktari naye ana wajibu wa kuuliza. Swali moja tu, "Umeng'arisha meno karibuni?", linaokoa jino na fedha.

HESABU YA HARUSI NA RAMADHANI

Harusi nyingi hufanyika mfunguo mosi, baada ya Ramadhani. Mwenye nia ya kuweka meno yake sawa asingoje kumi la mwisho. Aende kukaguliwa mwezi wa Rajab. Kung'arisha kwa jeli ya usiku huchukua kama wiki mbili au zaidi. Akianza mwishoni mwa Rajab atamaliza katikati ya Shaaban. Akihesabu wiki mbili toka hapo, ataziba jino mwishoni mwa Shaaban. Mwezi wa Ramadhani unapoandama, kazi imekwisha na moyo umetulia kwa ajili ya ibada.

Ikitokea lazima ya kutibiwa jino mchana wa Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba kutoboa jino, kung'oa na kusafisha meno hakubatilishi funga, maadamu mtu anajilinda asimeze kinachofika kooni. Hata hivyo jeli ya kung'arisha haina dharura. Ni bora iwe usiku.

Katika saa 48 za mwanzo baada ya kung'arisha, jiepushe na vyakula na vinywaji vyenye rangi kali: chai ya rangi, kahawa, biriani lenye zafarani, mchuzi wa manjano, ukwaju na tambuu.

TAHADHARI NA DAWA ZA MTAANI

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, dawa za kung'arisha zenye peroksaidi ya hidrojeni zaidi ya asilimia 0.1 na isiyozidi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, daktari ndiye huanza kumhudumia mtu mara ya kwanza, na hazitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Huo ni mfano wa jinsi wenzetu wanavyoichukulia dawa hii. Jeli isiyo na maandishi ya asilimia wala tarehe ya mwisho haifai kuingia kinywani. Inaweza kuunguza fizi na kuacha meno yakichoma kila yakiguswa na maji baridi. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa waahirishe.

Limau, majivu na unga wa mkaa navyo si badala ya dawa. Limau huyeyusha enameli, na majivu na mkaa huikwangua. Enameli ikiisha hairudi, na ile dentini ya manjano iliyo chini ndiyo huonekana zaidi. Mtu anatafuta weupe, anapata unjano.

Ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi, meno yao yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Si uchafu, na wasichekwe. Kwao kung'arisha peke yake mara nyingi hakutoshi, na kubandika kompositi juu ya enameli hiyo kunahitaji daktari mzoefu.

SHERIA INASEMAJE?

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya urembo na kubadili umbo aliloumba Mwenyezi Mungu. Kwa upande mwingine, Mtume (S.A.W.) alimruhusu swahaba Arfajah bin As'ad (R.A.), aliyepoteza pua vitani, aweke pua ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanavyuoni wameichukua Hadithi hiyo kuwa dalili ya kuruhusu kutengeneza kiungo kilichoharibika, jino likiwemo. Kwa hiyo kuziba jino ni tiba. Ama kung'arisha, wanavyuoni wengi wa zama hizi wamelihesabu kuwa ni kuondoa madoa, na wakaliruhusu kwa sharti kwamba lisilete madhara wala udanganyifu.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, jino lililozibwa linazuia udhu au josho? Hapana. Wanavyuoni wameeleza kwamba kilichozibwa kwa tiba huchukua hukumu ya jino lenyewe, wala hutakiwi kukitoa.

Jeli ina gliserini, je, ni halali? Gliserini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, kwa mafuta ya wanyama, au viwandani kwa kemikali. Soma boksi au muulize muuzaji. Kama hana jibu, tafuta nyingine.

Nilizibwa zamani, je, dawa ya kung'arisha itaibadili rangi ile kompositi? Haiibadili. Kompositi, jino la bandia na taji havifanyi weupe pamoja na meno. Jiandae kubadilisha kile cha mbele baada ya wiki mbili.

Je, mswaki wa mti unatosha? Kwa usafi wa kila siku na kuondoa madoa ya juu, mswaki wa mti ni sunna na una faida kubwa, wala hauzuii gundi kushika. Lakini hauwezi kuitoa rangi iliyokwisha kuzama ndani.

Ndugu msomaji, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kabla hujaketi kwenye kiti cha daktari, hesabu siku zako. Zikiwa hazijatimia kumi na nne, mwambie, na ukubali kurudi siku nyingine. Mzazi unayeandaa harusi ya mwanao, liweke jambo hili kwenye orodha mapema, kama unavyoweka mahari na walima.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema ya miili na ya nyoyo. Wallahu a'alam.